Mhandisi Kizimbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ushahidi wa Kitaalamu Katika Migogoro ya Vifaa vya Nishati, Tanga

Ukurasa huu ni kwa mwenye mashine ya barafu inayotumia jua pale Deep Sea, mwenye nyumba ya wageni Raskazone aliyefungiwa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri kuwa wa matumizi ya nyumbani), muuzaji wa Ngamiani anayedaiwa arudishe fedha, na mhandisi au fundi aliyeombwa kwa mara ya kwanza kusimama mbele ya hakimu. Mifano ya namba humu ni ya kukokotolea tu, haihusu kesi ya mtu yeyote wa Tanga.

Shahidi mtaalamu ana tofauti gani na shahidi wa kawaida?

Shahidi wa kawaida husema alichokiona, alichokisikia au alichokigusa. Kwa kawaida haruhusiwi kutoa maoni. Mtaalamu anaruhusiwa, kwa sababu Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inakubali maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu pale mahakama inapohitaji kuamua jambo la sayansi au ufundi. Kwa miaka mingi mawakili wamekijua kifungu hicho kama cha 47. Unapoandika hati zako angalia toleo la karibuni la sheria, maana namba za vifungu huweza kubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Kwanza, maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu, anaweza kuyakataa mradi atoe sababu. Pili, maoni yasiyo na sababu hayana uzito. Mhandisi akisema "betri hii ni mbovu" akaishia hapo, amempa hakimu neno lake tu. Akisema alichotoa kwenye betri, kwa ampea ngapi, kwa saa ngapi, betri ikiwa na joto gani, hapo hakimu ana kitu cha kukishika, na upande wa pili una kitu cha kukipinga.

Fundi aliyenifungia mfumo anaweza kuwa shahidi wangu mtaalamu?

Anaweza kuwa shahidi, tena wa muhimu, lakini wa mambo aliyoyafanya: alifunga nini, lini, kwa waya wa ukubwa gani, aliiweka inveta kwenye mipangilio gani. Kutoa maoni kuhusu chanzo cha hitilafu ni shughuli nyingine, na yeye ana maslahi. Ikiwa kosa ni la ufungaji, kosa ni lake. Wakili wa upande wa pili atamuuliza hilo katika swali la pili, kama si la kwanza.

Tafuta mtu asiyehusika na mauzo wala ufungaji. Anayejiita mhandisi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi anayoizungumzia. Usajili peke yake hautoshi. Mhandisi wa barabara na madaraja, hata awe hodari kiasi gani, hana la kusema kuhusu kompresa. Muulize mapema amewahi kupima nini, kwa kifaa gani, na kama anacho kifaa hicho au atakiazima.

Mashine imegoma leo asubuhi. Nifanye nini kabla ya kumwita mtu yeyote?

Usiifungue. Kesi nyingi za vifaa vya umeme huharibika hapa hapa. Jirani mwenye bisibisi anafungua kifuniko "aangalie tu", anabadilisha fyuzi, anagusa waya mbili, na tangu dakika hiyo hakuna mtu anayeweza kuithibitishia mahakama kwamba hali iliyokutwa ndani ndiyo iliyoachwa na hitilafu.

Zima kwa utaratibu uliomo kwenye kitabu cha maelekezo, kwa kawaida mzigo kwanza, kisha breka ya umeme, kisha paneli, betri mwisho. Kabla ya kuzima, piga picha kioo cha inveta kikionyesha namba ya hitilafu, maana ikizimwa huenda ikapotea. Piga picha pia bamba la jina lenye namba ya utambulisho, viunganishi vyote, breka zikiwa kama zilivyokutwa, na lakiri za kiwandani kama zipo. Picha moja iwe ya mbali kuonyesha chumba chote, nyingine za karibu. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na nani alikuwepo.

Kisha mwandikie muuzaji barua siku hiyo hiyo au kesho yake. Simu na ujumbe wa sauti havitoshi. Mweleze kilichotokea, umwambie kifaa kimehifadhiwa bila kufunguliwa, umkaribishe kwenye ukaguzi wa pamoja ndani ya siku utakazozitaja. Weka nakala yenye saini ya aliyeipokea.

Jambo moja usilisahau: betri za asidi hazisubiri. Zikiachwa zimeisha chaji kwa wiki kadhaa, sahani zake hujenga gamba la salfeti na uwezo hupotea moja kwa moja. Muuzaji atasema uliziua wewe baada ya kuzima, na huenda akawa sahihi kwa sehemu. Kwa hiyo kama ukaguzi hauwezi kufanyika ndani ya siku chache, pima volti za kila betri mbele ya shahidi, ziandike, halafu zichajiwe na kutunzwa, na barua kwa muuzaji iseme wazi kwamba ndivyo itakavyofanyika na kwa nini.

Ukaguzi wa pamoja unafanywaje?

Pande mbili zinakutana kifaa kilipo, kila moja na mtaalamu wake au zote na mmoja waliyekubaliana. Kabla ya kugusa chochote wanaandikiana karatasi ya utaratibu: kipimo kipi kitaanza, kifaa gani cha kupimia kitatumika, nani ataandika namba, nini kitafunguliwa na nini hakitafunguliwa. Vipimo visivyoharibu hutangulia, vile vya kukata, kufumua au kuchoma huja mwisho, na kwa idhini ya maandishi ya wote. Mwishoni karatasi ya namba inasainiwa na wote palepale, hata kama hawakubaliani kuhusu maana ya namba hizo. Saini ni ya kwamba geji ilisoma hivi, si ya kwamba nani ana haki.

Upande wa pili ukikataa kuja, endelea, lakini uwe na uthibitisho kwamba uliualika. Kesi ikiwa tayari iko mahakamani, wakili anaweza kuiomba mahakama, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iteue mtu wa kwenda kukagua papo hapo na kurudisha ripoti. Njia hii hutumika kidogo mno kuliko inavyostahili. Inaokoa ubishi wa ripoti mbili zinazopingana.

Mtaalamu aje na vifaa gani?

Inategemea mgogoro, ila kwa mfumo wa sola wenye betri asikose hivi: multimita na klampu mita (inayobana waya na kusoma ampea) zinazosoma thamani halisi ya mkondo uliopindika, kipima nguvu chenye kusoma wati na pawa fakta (sehemu ya volti mara ampea inayokuwa wati za kweli) pamoja, kipima mwanga wa jua kinachowekwa kwenye mwinamo uleule wa paneli, kipimajoto cha kubandika nyuma ya paneli na kwenye betri, kipima ardhi (cha ukinzani wa waya wa ardhini), na mzigo wa kutolea chaji betri.

Klampu mita za bei nafuu zinakisia. Zimetengenezwa zikidhani mkondo una umbo safi la wimbi. Kwenye chaja na inveta umbo hilo halipo, na namba inayosomeka inaweza kukosea kwa asilimia 30 au hata 40. Wakili mwerevu akiijua siri hiyo moja tu, ripoti nzima inaanguka.

Kila kifaa kiwe na cheti cha kalibresheni, yaani kimelinganishwa na kipimo rejea na tofauti yake ikaandikwa. Shirika la Viwango (TBS) wanayo maabara ya metrolojia Dar es Salaam. Cheti kionyeshe namba ya kifaa kilekile kilichotumika, na tarehe yake iwe kabla ya siku ya kupima.

Kosa lingine linalojirudia ni la klampu iliyogeuzwa. Kwenye mfumo wa fezi tatu wenye mzigo uliolingana, klampu moja kati ya tatu ikivalishwa kinyume, jumla ya nguvu inayosomeka ni theluthi moja ya ile ya kweli, kwa sababu mbili zinajumlisha na moja inatoa. Mashine inayokula kilowati 15 itaonekana inakula 5. Kila anayepima fezi tatu anapaswa kuisoma kila fezi peke yake kwanza, na aandike kwamba alifanya hivyo.

Niliahidiwa mashine ya barafu ya tani moja kwa siku kwa paneli za kilowati 5. Inatoa kilo 250. Je, ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa, na ahadi ndiyo iliyokuwa mbovu. Hapa mhandisi anaweza kutoa ushahidi mzito kabla hata ya kufungua kifuniko. Afanye hesabu ya nishati inayoingia na inayotoka.

Maji ya bomba Tanga tuyachukulie nyuzi 28 za Selsiasi. Kupoza kilo moja kutoka 28 hadi 0 kunahitaji kuondoa kilojuli 117 hivi. Kuyagandisha kunahitaji 334. Kuishusha barafu hadi nyuzi 5 chini ya sifuri ni kama 10 zaidi. Jumla kilojuli 461, sawa na uniti 0.128 za joto kwa kila kilo (uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kilojuli 3,600). Tani moja ni uniti 128 za joto. Kompresa inayogandisha barafu katika joto la pwani, kwa matarajio ya haki, huondoa uniti 2 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme. Kwa hiyo tani moja inataka uniti 64 za umeme, bila kuhesabu joto linalopenya kwenye kuta.

Sasa upande wa kuingia. Paneli za kilowati 5, kwa siku yenye saa 5 za jua kamili, zikipoteza robo kwa joto, vumbi, waya na inveta, zinatoa uniti 19 hivi. Zidisha kwa 2, gawa kwa 0.128: kilo 297. Ukiondoa joto linalopenya, kilo 250 ni matokeo ya mashine inayofanya kazi vizuri. Ili kupata tani moja zingehitajika paneli za kilowati 17 hivi.

Mdai aliyefika mahakamani akisema "mashine ni mbovu" anaweza kushindwa, kwa sababu mtaalamu wa mdaiwa ataipima na kuikuta nzima. Mdai huyohuyo akisema "niliambiwa tani moja kwa maandishi, na kifaa hiki hakikuweza kufikia hapo tangu siku ya kwanza" anasimama mahali pengine kabisa. Mtaalamu aonwe kabla ya hati ya madai kuandikwa. Kumwita baadaye ni kuchelewa.

Paneli yangu ya wati 400 inatoa 290. Hii si ushahidi tosha?

Si ushahidi wa lolote mpaka tujue jua lilikuwa kiasi gani na paneli ilikuwa na joto gani. Wati 400 ni za maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Tuseme wakati wa kupima mwanga ulikuwa 800 na seli nyuzi 58, jambo la kawaida juu ya bati la Tanga. Paneli nyingi za silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Hesabu: 400 mara 0.8 ni 320. Toa asilimia 11.55, unabaki na 283. Paneli iliyotoa 290 imefanya zaidi ya ilivyotarajiwa, na tofauti hiyo ndogo iko ndani ya makosa ya kupima.

Betri inapimwaje ili kipimo kisipingwe?

Kwa betri ya asidi ya volti 12 iliyoandikwa Ah 200 (ampea-saa, yaani ampea mara saa), kitu cha kwanza ni kusoma Ah hizo ni za saa ngapi. Kama ni za saa 20, inachajiwa ijae, inapumzishwa, halafu inatolewa ampea 10 bila kubadilika mpaka volti zifike 10.5. Ikidumu saa 20 imetimiza. Ikidumu saa 12, ina asilimia 60. Joto la betri liandikwe mwanzo, katikati na mwisho.

Kosa la kawaida ni kuharakisha. Mtu anatoa ampea 50 ili amalize mchana, anapata Ah 140 au 150, anatangaza betri feki. Betri ya asidi ikitolewa kwa kasi hutoa kidogo, hata ikiwa mpya. Kama sharti la kwenye lebo ni saa 20, jaribio ni saa 20, na mtu akeshe nalo au data loga, kifaa kinachorekodi namba chenyewe, ikeshe.

Betri za lithiamu za chuma na fosfeti hazina unyeti huo mkubwa wa kasi. Ya volti 51.2 na Ah 100 inapaswa kutoa karibu uniti 5.12. Kuitoa kwa ampea 20 kwa saa 5 ni kipimo kizuri. Hesabu nishati iliyotoka kwenye vituo vya betri, usiihesabu baada ya inveta, la sivyo utaitoza betri hasara za inveta.

Halafu kuna swali la matumizi. Betri za asidi zilizokaa chumba cha nyuzi 35 hupoteza karibu nusu ya umri zinaoahidiwa kwenye nyuzi 25. Muuzaji akilijua hilo na akaahidi miaka mitano chini ya bati lisilo na dari, hilo ni lake. Mteja akizihamishia stoo yenye joto baada ya kufungiwa mahali pazuri, hilo ni la mteja. Mtaalamu aandike joto la chumba mchana wa saa nane, asiliache lionekane dogo kwa kwenda kukagua asubuhi.

Kuna kifaa cha kuchomeka ukutani kinachosemwa kupunguza LUKU kwa nusu. Muuzaji alinionyesha ampea zikishuka kweli. Mtaalamu atasema nini?

Atasema ampea zilishuka kweli, na LUKU haikujali.

Ndani ya vifaa hivyo kwa kawaida kuna kapasita na taa ndogo. Chukua mota ya pawa fakta 0.6 inayovuta ampea 6 kwenye volti 230: 230 mara 6 mara 0.6 ni wati 828. Ukiweka kapasita ya kutosha kuipandisha pawa fakta hadi 0.95, ampea zinashuka hadi 3.8 hivi. Zidisha tena: 230 mara 3.8 mara 0.95 ni karibu wati 830, zilezile. Mita ya nyumbani inahesabu uniti, yaani kilowati-saa. Haihesabu ampea. Klampu ya muuzaji ilisema kweli kuhusu kitu ambacho hulipii.

Mahakamani onyesho hili linafaa lifanywe mbele ya hakimu kwa kipima nguvu kinachoonyesha ampea, pawa fakta na wati kwa pamoja. Halichukui dakika kumi. Mhandisi awe mkweli pia kwa upande wa pili wa jambo hili: kiwanda chenye mkataba wa TANESCO unaotoza mahitaji ya juu kwa kVA (volti mara ampea, kwa maelfu) kinaweza kweli kuokoa fedha kwa kapasita zilizopangwa vizuri. Mtaalamu anayesema "kapasita ni utapeli" bila kutofautisha atavuliwa nguo kwenye maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili.

Na mashine zinazodaiwa kutoa nishati nyingi kuliko zinavyopokea?

Hapa mfano mzuri wa kesi upo Marekani. Andrea Rossi na kampuni yake ya Leonardo waliishtaki kampuni ya Industrial Heat huko Florida Aprili 2016, wakidai dola milioni 89. Walikuwa tayari wamelipwa milioni 11.5 kwa leseni ya kifaa kilichoitwa E-Cat, na mgogoro ulihusu jaribio la takriban mwaka mmoja la mtambo uliosemwa kuwa wa megawati 1, katika ghala mjini Doral. Pande zilipatana Julai 2017, kesi ikiwa imeshaanza kusikilizwa, kwa hiyo hakuna hukumu iliyosema nani alikuwa sahihi. Lakini maswali ya wahandisi katika ugomvi wa aina hiyo yanafaa popote: maji kiasi gani yalipita, yaligeuka mvuke kweli, na joto lote lile lilikwenda wapi?

Tazama uzito wa swali la mvuke. Tuseme mtu anaripoti kilo 36,000 za maji kwa siku, zikiingia nyuzi 63 na kutoka nyuzi 100. Kama yote yamekuwa mvuke mkavu, kila kilo imebeba kilojuli 155 za kupashwa na 2,257 za kugeuzwa mvuke, na mtambo unatoa kama megawati 1. Kama yametoka yakiwa maji ya moto tu, ni kilowati 65 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara 15, na kipimajoto kinasoma namba ileile katika hali zote mbili.

Kipimajoto kikisoma 102 bado hakithibitishi mvuke. Kwenye mgandamizo wa bari 1.1, maji huchemka kwenye nyuzi 102 na kidogo. Bila geji ya mgandamizo palepale kilipo kipimajoto, hujui. Na mita ya mtiririko inayopimia bomba lisilojaa, au inayotumika chini ya kiwango chake cha chini kilichoandikwa kwenye bamba, inaweza kusoma kitu ambacho hakipo.

Swali la joto kwenda wapi huulizwa kidogo lakini ndilo gumu kulikwepa. Kilowati 1,000 zikiachiwa ndani ya jengo bila feni kubwa, mnara wa kupoza au maji ya kuzichukua, watu wasingeweza kukaa humo. Mhandisi anayeletewa kifaa cha ajabu aanze na bomba la kutolea joto kabla ya kuangalia kifaa chenyewe.

Makosa madogo ya kipimajoto yana umuhimu gani?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hita ya maji inapimwa kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Kila kipimajoto kikiwa na kosa la nusu nyuzi, tofauti inaweza kukosea nyuzi 1 nzima. Tofauti ikiwa nyuzi 40, hilo ni asilimia 2.5. Ikiwa nyuzi 5, ni asilimia 20. Punguza mtiririko wakati wa jaribio ili tofauti ikue, na andika kiwango cha makosa kando ya kila jibu.

Muuzaji anasema inveta iliuawa na radi au na umeme wa gridi. Inajulikanaje?

Kwa kuangalia kilichoungua na kisichoungua. Mshtuko ukitoka upande wa gridi, varista (vijenzi vinavyomeza mshtuko wa volti) na vijenzi vya kuingilia umeme huwa vya kwanza kupasuka, na transista za upande wa betri huweza kubaki salama. Betri ikiunganishwa kinyume, uharibifu huanzia upande wa betri. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba za fezi tofauti hugawana volti vibaya, nyingine zikapanda kuelekea 400 na nyingine zikashuka. Hapo waulize majirani: televisheni na friza zao zilikufa saa ileile? Maelezo yao yachukuliwe mapema, watu husahau au huhama.

Ukutu wa chumvi ni mtuhumiwa wa kudumu Sahare, Raskazone na pwani yote hadi Pangani. Unga wa kijani au mweupe kwenye viunganishi vya shaba, feni iliyoganda, bodi yenye madoa chini ya vijenzi. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia kiwango cha kinga kilichoandikwa kwenye bamba. Kifaa cha IP20 kimetengenezewa ndani ya nyumba kavu. Kikifungwa kwenye varanda inayopigwa na upepo wa kusi, swali linakuwa nani alichagua mahali hapo, na jibu limo kwenye mchoro wa ufungaji au hati ya makabidhiano, kama ipo. Mara nyingi haipo, na hapo ndipo fundi aliyefunga anapokuwa shahidi wa maana.

Ardhi ipimwe kwa kipima ardhi chenye vijiti viwili vya ziada, na katika ripoti iandikwe kama kulikuwa na mvua. Kipimo cha masika na cha kiangazi kwenye mchanga uleule havilingani.

Namba za programu ya simu ya inveta zinakubalika?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali taarifa za kielektroniki, na uzito wake hutegemea jinsi zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na zilivyofikishwa. Picha ya kioo cha simu ni dhaifu. Pakua faili zima la kumbukumbu, usilifungue na kulihifadhi upya, tengeneza alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa) siku hiyohiyo na uiandike kwenye karatasi inayosainiwa. Linganisha saa ya inveta na saa ya kweli kwanza. Inveta nyingi hupoteza saa betri ikikatwa, na tukio la Machi likaonekana la mwaka uliopita.

Ripoti iwe na nini?

Sifa na usajili wa mtaalamu kwa aya moja, si kurasa nne. Maswali aliyoulizwa, kama yalivyoulizwa, na nani aliyemlipa. Kilichopimwa na namba zake za utambulisho, mahali, tarehe, waliokuwepo, vifaa vya kupimia na vyeti vyake. Namba ghafi zote, hata zinazomuumiza aliyemwajiri. Hesabu hatua kwa hatua, ili mwenye kikokotoo cha simu aweze kuirudia. Kiwango cha makosa. Maoni, na sababu ya kila oni. Mwisho, mambo ambayo hayakuweza kupimwa.

Iandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na ripoti ambayo hakimu, mdai na mdaiwa wote wanaisoma bila mkalimani ina nguvu yake.

Kwenye maswali ya dodoso nifanyeje?

Jibu ulichoulizwa. Kama hukupima, sema hukupima. Ukionyeshwa kosa kwenye hesabu yako, lirekebishe palepale na useme linabadilisha jibu kwa kiasi gani, kwa sababu kosa la asilimia 2 kwenye upungufu wa asilimia 70 halimwokoi mtu. Usivutwe kwenye sheria: mkataba umevunjwa au la, hilo ni la hakimu. Nenda na faili lako lote na namba ghafi, maana utaulizwa kuhusu karatasi uliyoiacha nyumbani.

Mtaalamu alipweje?

Kwa saa au kwa kazi, kwa mkataba wa maandishi, kabla ya hukumu. Malipo yanayotegemea ushindi yanaua ushahidi.

Ni lazima kwenda mahakamani?

Si lazima. Bidhaa isiyofikia viwango inaweza kupelekwa TBS, bidhaa bandia na matangazo ya kupotosha Tume ya Ushindani (FCC), na malalamiko ya leseni ya fundi umeme EWURA. Mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, mahakama huenda ikawarudisha huko kwanza. Ila fedha yako kurudi, kwa kawaida, itahitaji mapatano au hukumu. Madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, lakini kifaa hakisubiri miaka 6: chumvi inaendelea kula, betri zinakufa, na inveta mpya inahitaji nafasi ukutani. Ukilazimika kuiondoa ya zamani ili kazi iendelee, ifungwe kwenye sanduku, sanduku lipigwe lakiri lenye saini za watu wawili, na liwekwe mahali pakavu.

Risiti ya EFD imefifia. Nitafanyaje?

Piga picha kilichobaki, kisha mwombe muuzaji nakala kwa maandishi. Taarifa ya benki au ya malipo ya simu, hati ya kupokelea mzigo na namba ya utambulisho wa kifaa vikisomwa pamoja vinaweza kuonyesha nani aliuza nini. Na risiti ijayo, itoe nakala siku unayopewa.